Baada ya kimbunga: namna ya kuratibu misaada ya mifugo kijijini

Kimbunga Hidaya kilipofika jirani na Mafia tarehe 4 Mei 2024, mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara sehemu kadhaa ndani ya Kilwa. Magari yalilala pande zote mbili kwa siku kadhaa. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na picha hiyo kichwani. Kijiji cha pwani ya kusini, barabara imekatika, ng'ombe wamepanda vilimani, mbuzi wa akina mama wamefungwa barazani, kuku wamelowa, na simu zinalia kutoka kila upande. Mwenye mifugo anauliza msaada uko wapi. Mwenye kutaka kusaidia, aliyeko Dar es Salaam au Dodoma, anauliza aupeleke wapi. Kati ya hao wawili anahitajika mtu mmoja mwenye daftari, na huenda mtu huyo ni wewe: afisa mifugo wa kata, mtendaji wa kijiji, katibu wa chama cha wafugaji, au mwalimu ambaye watu wanamwamini.

Kwa niliyoyaona mimi, usiku wa upepo si ndio unaomaliza mifugo. Wanaokufa wengi ni wale walionusurika, wiki ya pili na ya tatu, kwa kiu, njaa na maradhi, huku msaada uliokusudiwa kwao umelala ghalani au umepelekwa kwa mtu asiyeuhitaji.

Hatua ya 1: Daftari moja, namba moja

Usianzishe kamati mpya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia kijijini hadi mkoani. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, omba suala la mifugo lipewe mtu wake ndani ya kamati hiyo hiyo, na jina lake na namba yake ya simu vibandikwe kwenye mbao za matangazo, vitangazwe msikitini, kanisani na mnadani. Ukiwa nje ya kamati, siku gari la wilaya litakapofika hutajulikana, na orodha yako haitasomwa.

Kundi la WhatsApp ni zuri kwa kupeana habari, lakini halifai kuwa kumbukumbu. Ujumbe wa jana asubuhi unafunikwa na dua, picha na sauti za watu 60, na mtandao ukikatika kila kitu kinapotea. Nunua daftari kubwa la kaunta. Ukurasa wa kushoto andika mahitaji. Wa kulia andika ahadi, na pembeni ya kila ahadi acha nafasi ya tarehe kitu kilipofika na sahihi ya aliyekipokea. Kuahidiwa na kupokea ni mambo mawili. Nimewahi kufika kijijini nikakuta watu wameacha kutafuta malisho siku 5 nzima kwa sababu "gari lipo njiani", kumbe lilikuwa bado halijapata mafuta.

Taarifa ya mahitaji iandikwe hivi:

*Na. 14. Jumanne saa 3 asubuhi. Kitongoji cha juu. Ng'ombe 38, ndama 9, mbuzi 12. Maji yapo, majani hakuna. Ng'ombe 2 hawasimami. Pikipiki inafika mpaka mkorosho mkubwa, kutoka hapo ni kwa miguu. Habari imeletwa na kijana wa boma.*

Mistari michache tu, lakini inatosha kuamua. Unajua usipeleke maji. Unajua lori halifiki, kwa hiyo mzigo ufungwe katika viroba ambavyo mtu anaweza kujitwika. Unajua mtaalamu aende leo kwa sababu ya wale 2. Ujumbe wa "tunaomba msaada, hali ni mbaya" hauna hata jambo moja kati ya hayo, basi mpigie aliyeutuma umuulize: wangapi, wapi, kinachokosekana ni nini, njia ikoje.

Fedha zikichangwa, ziingie kwenye namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, na salio lisomwe mbele ya watu wasiopungua wawili kila jioni. Usikubali namba yako binafsi itumike, hata kama wote wanakuamini. Hasa kama wote wanakuamini.

Hatua ya 2: Hesabu walio hai kwanza

Siku 3 za mwanzo watu watakuletea habari za waliokufa. Ni haki yao, msibani mtu huanza na marehemu. Zipokee, lakini kwa upole uliza waliobaki ni wangapi na wako wapi, maana hao ndio wanaosubiri uamuzi wako. Asitumwe mtu kuvuka mto uliojaa kwa ajili ya ng'ombe. Habari ya ng'ambo ipatikane kwa simu, kwa mtumbwi wa mtu anayeujua mto, au ingoje.

Usimhoji mkuu wa kaya peke yake. Mzee atakutajia ng'ombe hadi mwenye jicho moja, lakini kuku na mbuzi wa mkewe hatawataja, na mara nyingi hao ndio wanaolipa daftari la shule na dawa za mtoto. Muulize mama mwenyewe, pembeni.

Waliokufa wapigwe picha kabla hawajafukiwa, chapa au hereni ionekane, na jirani mmoja aandikwe kuwa shahidi. Likija fungu lolote la kuwasaidia waliopoteza, au kama mtu ana bima, karatasi hiyo ndiyo itakayosimama badala ya ng'ombe.

Waliopotea wana utaratibu wao. Mafuriko huchanganya makundi, na ng'ombe wa boma hili huonekana kitongoji cha tatu. Anayeokota mnyama atoe taarifa, mnyama akae zizi moja lililokubaliwa. Anayedai ni wake aeleze chapa, mkato wa sikio, rangi na pembe kabla ya kuoneshwa, kisha majirani wawili wathibitishe. Ukimruhusu amtazame kwanza, umempa majibu ya mtihani.

Hatua ya 3: Mizoga

Hapa pasicheleweshwe. Mnyama aliyekufa kwa maji hachinjwi wala haliwi, na nyama ya kibudu isiuzwe kwa jina la "nyama ya mafuriko". Damu isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au nyuma inaashiria kimeta. Mzoga huo usipasuliwe kabisa, wala usichunwe ngozi, kwa sababu ukiufungua vimelea hugeuka mbegu zinazokaa ardhini miaka mingi. Mwite mtaalamu na uwazuie mbwa na watoto.

Shimo liwe na kina cha mita 2 au zaidi, mbali na kisima na mkondo wa maji. Pwani yetu maji ya ardhini yako karibu, kwa hiyo chimba la majaribio kwanza. Maji yakianza kutoka chini, hamia sehemu ya juu zaidi, au mteketeze mzoga kwa kuni kavu kama zinapatikana. Wachimbaji wavae buti na glavu, wafunike vidonda. Homa ya mgunda iliyozuka Ruangwa mwaka 2022 inatukumbusha kwamba mkojo wa panya na wanyama ukichanganyika na maji huingia mwilini kupitia michubuko midogo tu.

Hatua ya 4: Maji kabla ya majani

Mtu anayetaka kusaidia mifugo hufikiria majani. Mnyama lakini huvumilia njaa siku nyingi kuliko kiu, na mnyama mwenye kiu hali hata akiwekewa. Kimbunga Ike kilipoipiga pwani ya Texas Septemba 2008, maji ya bahari yaliingia nchi kavu na kuyafunika malisho. Ng'ombe walionusurika walikuwa wamezungukwa na maji wasiyoweza kunywa na majani yaliyojaa chumvi, ikabidi wapelekewe maji safi na majani makavu. Kwetu mambo ni yale yale bahari ikipanda hadi kwenye visima vya mabondeni. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, majani tutayatafuta wenyewe. Wewe tutafutie maji yasiyo na chumvi." Nilikuwa nimefika na pumba.

Piga hesabu kabla ya kuagiza. Ng'ombe mmoja kiasi cha lita 25 kwa siku, punda lita 15 hadi 20, mbuzi au kondoo lita 4 hadi 5, kuku 100 lita 20 hadi 30. Wale wa taarifa namba 14 wangehitaji zaidi ya lita 1,000 kila siku, yaani tangi zima la plastiki. Ndiyo maana kuwapeleka ng'ombe kwenye maji karibu kila mara ni rahisi kuliko kuwapelekea ng'ombe maji. Tafuta lambo, chemchemi au bomba lililosalimika, kisha panga zamu.

Kisima kilichoingiwa na maji ya bahari kisikaushwe kwa pampu siku moja. Kuta zinaweza kuporomoka, na chumvi nyingi zaidi ikavutwa kutoka chini. Toa kidogo kidogo, onja kila siku.

Hatua ya 5: Kituo kimoja cha malisho

Baada ya kimbunga Harvey mwaka 2017, huko huko Texas, maafisa ugani walifungua vituo maalumu vya kupokea na kugawa malisho badala ya kila mchangiaji kutafuta mfugaji wake. Jambo hilo liige bila kusita. Kituo kiwe mahali palipoinuka, penye paa, panapofikika kwa lori kutoka upande mmoja na kwa pikipiki au punda kutoka upande wa pili. Shule usiitumie, maana watoto watarudi darasani kabla hujamaliza.

Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 hula kilo 6 hadi 7 za majani makavu kwa siku. Wakati wa dhiki humnenepeshi, unamshikilia, na kilo 3 zitamvusha kwa muda. Ng'ombe 100 ni kilo 300 kwa siku. Robota moja likiwa na kilo 15, ni marobota 20, na majani hujaza bodi ya lori kabla ya kufikia uzito wake. Mwambie mchangiaji hesabu hiyo mapema. Mara nyingi fedha ya kununua mashudu na pumba karibu nanyi itafika mbali kuliko lori la majani kutoka Morogoro.

Usiwape wote sawasawa. Tanguliza wenye ndama wanaonyonya, wenye mimba kubwa na wanyama wa kazi. Mitamba na madume yenye mwili yanaweza kungoja majani yachipue. Uamuzi huu utaleta maneno, kwa hiyo utangazwe mkutanoni kabla lori halijafika. Ukitangazwa lori likiwa limesimama pale, kila mtu atasema umempendelea shemeji yako.

Mambo matatu yasimamie mwenyewe kituoni:

- Mnyama aliyeshinda njaa asimwagiwe ndoo ya mahindi au pumba. Tumbo lake limesahau chakula kizito, litachachuka na atakufa akiwa ameshiba. Majani kwanza, kisha nusu kilo ya pumba, na kuongeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa.
- Chakula kilicholowa kikaota ukungu kisigawiwe, hata kwa kuku, kwa sababu ya sumukuvu.
- Misumari, vipande vya mabati na nyaya viokotwe zizini na malishoni kabla ng'ombe hawajarudi. Ng'ombe hatafuni kwa kuchagua kama mbuzi. Humeza, na msumari ukitoboa tumbo huelekea kwenye moyo. Kazi hii haingoji mfadhili. Vijana 10 na sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kamba huimaliza kwa siku moja.

Hatua ya 6: Kaeni na wakulima siku ya pili, msingoje ya kumi

Hatua hii haimo katika miongozo mingi ya kigeni, na kwa kusini ndiyo yenye uzito wa pekee. Tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Ihefu na Usangu, mkoani Mbeya, mwaka 2006 na 2007, Kilwa, Lindi na Rufiji zina makundi makubwa ya ng'ombe wa Wasukuma, Wabarbaig na Wamaasai katikati ya watu wa mihogo, korosho na ufuta. Tena vimbunga vyetu hupenda mwezi wa nne na wa tano: Zanzibar Aprili 1872, Lindi Aprili 1952, Kenneth iliyopiga Cabo Delgado, Msumbiji, hapo jirani Aprili 2019, kisha Hidaya. Ni wakati ufuta umesimama shambani ukikaribia kuvunwa. Maji yakijaa bondeni ng'ombe hupanda, na huko juu ndiko kulikolimwa.

Mkulima ambaye upepo umemwachia ekari moja, akiikuta imeliwa, hatakusikiliza habari ya maafa. Kwa hiyo ndani ya saa 48 waite wazee wa pande zote mbili, pamoja na mwenyekiti, na mkubaliane mambo manne, yaandikwe na kutiwa sahihi: njia ya ng'ombe kupanda na kushuka, eneo la kulala, mwisho wa ruhusa hiyo kwa tarehe, na nani atathamini uharibifu ukitokea. Njia iwekwe alama kwa vitambaa au matawi. Wafugaji watoe vijana wa kulinda mipaka usiku.

Kisha tafuta biashara kati yao. Mkulima ambaye mahindi yake yamelala na hayatabeba tena ana malisho mikononi. Yanunuliwe kwa fedha ya michango, yakatwe, yagawiwe kituoni. Mkulima amepata chochote, ng'ombe wamekula, na barabara iliyokatika haikuhusika. Kila shilingi inayozunguka upande wenu wa mto ina thamani kuliko lori lililokwama upande wa pili.

Hatua ya 7: Maradhi

Wiki ya kwanza tazama vidonda, kwato na vichomi. Kuanzia wiki ya pili kupe, mbung'o na mbu huongezeka, na chambavu (ugonjwa unaovimbisha misuli ya mnyama na kumuua haraka) na kimeta huweza kujitokeza mahali udongo ulipofukuliwa na maji. Chanjo za magonjwa haya mawili ziombwe wilayani mapema, pamoja na makasha ya barafu, maana umeme ukikatika chanjo huharibika huku chupa ikionekana nzima. Kuku wapewe tone la jicho la chanjo ya kideri (mdondo). Ile inayotengenezwa Kibaha huvumilia joto kuliko za zamani, na kwa hali hii inafaa mno.

Mbuzi na kondoo wakianza kutupa mimba kwa wingi, ndama na wanakondoo wakafa kwa siku chache, simamisha kila kitu. Inaweza kuwa homa ya bonde la ufa, ambayo Kenya na Tanzania ziliipata mwaka 2006 na 2007 baada ya mvua kubwa. Mtu huambukizwa kwa damu, nyama mbichi, maziwa mabichi na kijusi kilichotupwa. Zuia uchinjaji, kataza kugusa vijusi kwa mikono mitupu, toa taarifa kwa daktari wa mifugo wa wilaya na pia zahanati siku hiyo hiyo. Wala usiendelee kupita na sindano moja kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa sindano hubeba virusi.

Watu watakuletea maboksi ya dawa mchanganyiko. Pokea kwa shukrani, lakini zisitumike hadi mtaalamu asome tarehe na majina. Dawa iliyo na maandishi ya lugha ambayo hakuna anayeisoma ifungiwe kabatini.

Hatua ya 8: Wanunuzi

Watafika kabla ya msaada, kwa pikipiki, na kutaja bei ya kutupa. Kuuza si kosa. Mwenye ng'ombe 40 na majani ya 25 ni bora auze 15 wangali wanasimama. Kosa ni kila mmoja kuuza peke yake gizani. Pangeni siku moja ya mnada, alikeni wanunuzi zaidi ya watatu, wekeni mizani, na bei ya mnada wa jirani isomwe hadharani asubuhi. Vibali vya kusafirisha mifugo viandaliwe siku hiyo. Wale waliodhoofu ambao hakuna anayewataka, lakini wazima wa afya, fedha ya michango iwanunue, wakaguliwe, wachinjwe, na nyama igawiwe kwa kaya zilizopoteza nyumba.

Hatua ya 9: Kuongeza mifugo, na kufunga daftari

Mwezi wa kwanza baada ya kimbunga utapigiwa simu na mtu mwema anayetaka kuleta mbuzi 100. Mshukuru, umwombe angoje. Mbuzi wageni katika ardhi isiyo na majani, yenye kupe wasiowazoea, labda na sotoka ya mbuzi na kondoo waliyoibeba njiani, ni msiba wa pili. Angalau msimu mmoja wa mvua upite, malisho yarudi, zizi lijengwe. Mwombe wakati huu anunue misumari, mbegu za majani au chanjo. Wakati ukifika, wanunuliwe mnada wa karibu, wakae karantini, wapewe kwanza waliobakiwa na mifugo michache mno kujiinua, na kwa utaratibu wa kopa mbuzi, lipa mbuzi, yaani aliyepewa hurudisha mtoto wa mbuzi ili apewe mwingine.

Tangaza tarehe ya kufunga kituo wiki mbili kabla. Siku hiyo soma daftari lote mkutanoni, ukurasa wa kulia na wa kushoto: kilichoahidiwa, kilichofika, aliyepewa, kilichobaki. Kilichobaki kigawiwe pale pale mbele ya watu. Piga picha kurasa zote, nakala ipeleke kata na wilaya, daftari lenyewe libaki ofisi ya kijiji ndani ya mfuko wa plastiki, rafu ya juu.